Mutu wa Foni na Njia ya Mihogo

Nikiwa mutoto, ku Pweto, kulikuwa duka ya Mugiriki mumoja, na pa mulango ya ile duka kulikuwa kasuku. Kasuku ya rangi ya majivu, mukia mwekundu. Mama yangu alikuwa anapeleka unga ya mihogo pale, anaibadilisha na chumvi na sabuni, na mimi nilimufuata juu ya kumuona ule ndege.

Mugiriki alikuwa na tabia moja. Hata kama duka haina mutu, hata kama anakaa tu anachokora meno, ukifika anakuambia kwanza: "Ngoja kidogo." Kasuku alisikia vile miaka mingi mpaka akashika. Basi ukifika pa mulango, mbele Mugiriki afungue mudomo, ndege anasema: "Ngoja kidogo!" Sauti ile ile, ya pua, na kale kakikohozi ka mwisho. Batu balicheka sana. Lakini balingoja.

Siku moja tulifika, tukakuta bamama wengi banakaa chini pa ukuta, mabeseni mbele yao. Mulango ilikuwa wazi nusu. Kasuku akatuambia: "Ngoja kidogo." Bon, tukakaa. Jua likapanda. Mutu akikohoa, kasuku: "Ngoja kidogo." Mutoto akilia, kasuku: "Ngoja kidogo." Ikafika saa ya kula, mama mumoja matako ikamuuma, akasimama, akaingia. Duka ilikuwa tupu. Hata misumari ya ukuta ilitolewa. Mugiriki alikwisha kuvuka ziwa mbele ya jogoo kulia, yeye na muke yake na paka yake, na sisi tulikuwa tunatii ndege tangu asubui.

Benzake balicheka mpaka kulala chini. Mama yangu hakucheka. Alibeba beseni yake, akasema: "Sauti si mutu." Mwisho ya ule kasuku sitausema, juu ule mwaka njaa ilikuwa mingi.

Sikujua kama nitazeeka, nivuke ziwa mimi pia, nikuje kulinda geti ya hospitali moja huku Nchelenge, nimukute kasuku tena, safari hii amefunga kravati.

Tulimuita Mutu wa foni. Jina alikuwa nayo, iliandikwa pa kifua, lakini mimi nilisoma darasa mbili tu, kisha mapadri bakanichoka, na hata bale banasoma hawakuitumia. Alikaa mu kachumba kando ya geti. Mule ndani kulikuwa ile redio ya kuongea, sisi ba Kongo tunaiita foni, na simu tatu kwa mustari, na karta, ile ramani, ya wilaya nzima pa ukuta. Mutu akizidiwa ku Kabuta, kliniki ya kule inamuita. Mutu akizidiwa ku Mununga, inamuita. Yeye njo anaamua ambulansi iende wapi, ianze na nani, bwato ya hospitali itoke ao ilale, balinzi bakimbilie wodi gani kama mulevi anapiga mulango. Daktari anaponyesha mwenye amefika. Mutu wa foni anaamua nani atafika.

Ile ni nguvu kubwa. Ukimupa mutu mudogo, anavimba na kunuka kama mihogo yenye ilikaa mu maji.

Sauti alikuwa nayo, siwezi kudanganya. Nzito, ya polepole, sauti ya kusoma majina ya bafu, batu balikufa, pa kanisa. Na alivaa koti nyeupe. Hakuwa munganga. Hakujua kupiga sindano, damu ikitoka pa kidole ya mutu anageuza uso. Lakini koti alivaa, na bamama bale banatoka kambi ya samaki, wakimuona pa dirisha, balipiga magoti na kupiga makofi ya heshima, tap tap tap, kama Babemba banavyofanya mbele ya mukubwa. Yeye aliitika na kidevu. Hakuwahi kuambia hata mumoja: mama, simama, mimi si daktari.

Kiti yangu ilikuwa chini ya dirisha yake, kivuli ya ukuta ilitutosha sisi wote wawili. Kwa hiyo nilimusikia miaka kumi na moja. Aliniita "Shikulu", ni babu kwa Kibemba, lakini mutu mwenye adabu anaweka Ba mbele, anasema Bashikulu. Yeye ile Ba ilimushinda miaka yote kumi na moja. Mimi nilimuita Mukubwa. Ndani ya tumbo nilimuita jina ingine, munaijua.

Batu wengi ba pa bandari ni ba ng'ambo kama mimi. Wakipiga simu na Kiswahili, anafungua dirisha. "Shikulu! Kuja. Batu bako banalia tena." Mimi naingia, nashika simu, natafsiri. Alisema Kiswahili haijui hata kidogo, ni luga ya kelele. Kumbe hakuijua kwa bagonjwa. Kwa samaki aliijua vizuri. Nitafika pale.

Alikuwa na maneno yake mawili, aliyasema kila siku kama mutu anasali. Ya kwanza: "Hewa haina ndugu." Maana yake, mu foni hakuna kaka wala mujomba, kila mutu ni sauti tu. Ya pili: "Sema kwanza jina ya mahali, kisha ulie." Hii ya pili ni neno ya akili. Mwanzoni hata mimi niliipenda. Mutu akilia mbele ya kusema iko wapi, gari itamufuata wapi? Lakini yeye alilifanya neno zuri kuwa fimbo. Nakumbuka mutu mumoja, kiboko ilivunja bwato yao, kaka yake iko na mbavu inje. Mimi njo natafsiri.

"Sema kwanza jina ya mahali."

Ule mutu akataja kambi yao.

Mutu wa foni akachukua fimbo, akatembeza pa karta, juu, chini, kando ya ziwa yote. "Haiko hapa. Muambie, mahali yenye haiko ku karta, gari haiendi."

Nikatafsiri. Ule mutu akasema polepole: "Baba, muambie na yeye, sisi tunakufa pale pale kwenye karta haifike."

Sikutafsiri ile. Nilisema, "Anasema asante." Gari ilienda, ndiyo, lakini kisha kuuliza kliniki mbili na kuandika ukurasa muzima. Kaka ya ule mutu alipona, juu mbavu yake ilikuwa ya chuma, si juu ya Mutu wa foni.

Na siku ya maharage! Musipoisikia hii hamutamujua. Mupishi wa hospitali aliacha sufuria ya maharage pa moto, akaenda kuongea na bachumba. Moshi ikatoka. Mutu wa foni alikuwa na kitabu ya kazi, mule ndani kila baya iko na rangi yake: moto iko na rangi, mwizi iko na rangi, mutoto kupotea iko na rangi. Badala ya kusema "jikoni kunaungua", alipiga king'ora, akashika spika, na ile sauti yake ya bafu akatangaza kwa Kizungu: Nyekundu, nyekundu, upande wa mashariki, batu bote batulie. Nani alijua nyekundu ni nini? Mule wodini kulikuwa batu wale balikimbia vita yetu ya ng'ambo. Wao bakisikia king'ora na sauti ya mukubwa inasema batu batulie, banajua kinachofuata. Walitoka kwa madirisha. Mama mumoja alikimbia na chupa ya maji ya dawa mukononi, na ile muti yake ya chuma, mpaka ku ziwa, akaingia mu bwato ya mutu asiyemujua.

"Vuka! Vuka!" anasema.

"Tuvuke tuende wapi, mama?"

"Vita imefika wapi?"

Muvuvi akatazama hospitali, akanusa. "Mama," anasema, "ni maharage."

Mupishi alizima na maji ya kuoshea sahani mbele "mashariki" isemwe mara ya tatu. Lakini mu karatasi yenye ilienda kwa bakubwa iliandikwa kama Mutu wa foni aliokoa hospitali. Alinisomea yeye mwenyewe, mara mbili.

Sasa niseme na uzuri wake, musidai mzee huyu ni muchawi. Kulikuwa siku moja bwato ya hospitali ilitoka kisiwa ya Kilwa, na muuguzi kijana, na mutoto mwenye malaria ya kichwa. Katikati ya ziwa mashine ikafa, upepo ikaanza. Yule binti alikuwa na kafoni ka mukononi, akalia mu hewa. Mutu wa foni alimushika na sauti kutoka saa sita mpaka jua lilikuwa linashuka. Hakukunywa maji, hakuenda kukojoa. "Niambie unaona nini. Sasa chota maji na beseni, hesabu mpaka mia, nasikiliza. Umefika ngapi? Vizuri. Anza tena." Na mukono wa kushoto anapiga simu kwa bavuvi, moja moja, anabembeleza, anatukana, mpaka bwato mbili zikatoka. Ule binti aliposhuka pa nchi kavu alimukumbatia mbele ya batu wote. Mutu wa foni akashindwa kufungua termos yake ya chai. Mimi njo nilimufungulia. Ile siku nilimupenda.

Ilidumu siku tatu. Kisha akaanza kuhadisia. Juma ya kwanza alisema alimuongoza yule binti. Mwezi wa pili alikuwa amesimamisha upepo. Kufika Pasaka yeye mwenyewe alikuwa mu bwato, anachota maji.

Lakini nahadisia hii yote juu ya sababu. Ile sauti ilijua kuokoa. Kama ingekuwa kasuku kabisa, kasuku haina hatia.

Bon, samaki. Kila mwaka mvua ikikolea, serikali inafunga ziwa miezi mitatu, samaki bapate kuzaa. Pa barabara kubwa kunawekwa barieri, balinzi ba samaki banafungua kila kikapo. Sasa Ilunga, jirani yetu wa Kabuta, mutu wa ng'ambo kama mimi, hii miezi yote alikuwa hapiti barabara. Kinga yake, ile bengine banaita baisikeli, iko na ubao nyuma wa kufunga kikapo, na ile ubao ilikuwa inajua Njia ya Mihogo kuliko mwenye kinga. Njia ya Mihogo inaanza nyuma ya nyumba zetu ku Kabuta. Inafika pa kichuguu kikubwa, pale inagawanyika mara tatu: ya kushoto, pana, inaenda makaburini, ya kuume inashuka ziwani, ya katikati, majani inaifunika, mugeni haioni. Ile ya katikati inapita mashamba ya mihogo, inavuka kijito juu ya miti miwili yenye ililazwa, inatokea kando ya hospitali, nyuma ya geti, pale tunachomea takataka. Yaani pa dirisha ya nyuma ya kachumba ka foni.

Dirisha hii aliichagua Mutu wa foni mwenyewe. Siku moja ya Mungu, kisha misa, Ilunga alimutembeza njia yote tangu mwanzo mpaka mwisho, juu alitaka kuona na macho yake kama balinzi hawataiona kutoka barabarani. Alirudi na matope ku magoti, akaniambia alikuwa anafanya mazoezi ya mwili. Kutoka pale, kila mwezi wa kufungwa, dirisha ya mbele inasema "Hewa haina ndugu", dirisha ya nyuma inapokea samaki. "Leta ingine kubwa, rafiki, hii ni ya mutoto." Kiswahili safi! Pa kanisa yeye njo alikuwa anasoma matangazo: tuheshimu kufungwa kwa ziwa, ni sheria ya nchi na ya Mungu.

Na mimi? Mimi alinipa vichwa. Vichwa vya samaki mu karatasi ya gazeti, na nikanyamaza, nikapika, nikalamba vidole. Musimuonee yeye peke yake.

Sasa tufike. Mukamwana wangu anaitwa Ngoie, muke ya mutoto wangu wa pekee. Mutoto wangu alikuwa ng'ambo anatafuta bidhaa, yeye alibaki ku Kabuta na mimba ya kwanza. Mwezi wa kufungwa, asubui, uchungu ikamushika. Kliniki ya Kabuta ikaona mutoto amelala kinyume, wao hawana kisu cha kupasulia, bakaita foni. Mutu wa foni akajibu: "Ambulansi iko Mununga. Asitoke pale. Angoje kidogo."

Nilikuwa chini ya dirisha. Nikisikia ile "angoje kidogo", mwili yangu yote ikasimama manyoya.

Walingoja. Saa moja, mbili, tatu. Bamama ba Kabuta hawakuvumilia. Ilunga alileta kinga, bakafunga godoro pa ule ubao wa samaki, Ngoie akapanda, mama jirani akamushika mugongo. Kliniki ikaita tena: "Wametoka na kinga, ni Ilunga anamuleta." Na saa hiyo hiyo ambulansi ikarudi. Shofere, Ba Mwansa, mutu muzuri, hakuzima hata mashine. Mutu wa foni akamutuma: barabara kubwa, tafuta kinga yenye mugonjwa.

Kisha kidogo sauti ya Ba Mwansa ikatoka mu foni. "Nimefika barieri. Sioni kinga. Balinzi banasema hakuna kinga ilipita."

Nilisimama. Nikashika nondo za dirisha. "Mukubwa, ni Ilunga! Ilunga miezi hii hapiti barabara, miguu yake haijui barabara. Amebeba mutu lakini anafuata njia ya kubeba samaki. Muambie Mwansa arudi, aingie pa Njia ya Mihogo, anaweza kufika mpaka kijitoni."

Alinitazama. Naapa, alijua. Nilimuona anaiona njia yote mu kichwa yake, miti miwili, kichuguu, yote. Lakini foni ya gari inaongea kwa sauti kubwa, na balinzi ba samaki walikuwa banaegemea pa dirisha ya Ba Mwansa, banasikiliza. Akitaja ile njia mu hewa, bataanza kuuliza: wewe wa koti nyeupe, njia ya baiba samaki uliijulia wapi?

Akafunika mikro, ile ya kusemea, na kiganja. "Shikulu," anasema, "mimi hakuna njia ingine yenye najua."

"Mukubwa, ni mukamwana wangu."

"Hewa haina ndugu." Akafunga dirisha. Na mu kioo nikasikia ile sauti nzuri, polepole: "Endelea na barabara kubwa."

Niliacha geti wazi. Nilichukua kinga ya mupishi, na miguu hii ya mzee nikaingia Njia ya Mihogo kutoka upande wa hospitali. Niliwakuta pa kijito. Mvua ilibeba mti mumoja wa ile miwili ya kuvukia. Ilunga alikuwa mu maji mpaka kiuno, kinga pa bega, na Ngoie anakaa ng'ambo ya maji chini ya mihogo, mama jirani anamushika kichwa. Hakulia. Alisema tu, "Tata, baba yangu, gari iko wapi?" Tulimuvusha mugongoni. Tulifika hospitali wakati Ba Mwansa alikuwa anazungukazunguka Kabuta anauliza nyumba kwa nyumba.

Ngoie alipona. Mutoto alitoka kimya. Alikuwa mwanaume, mukubwa, nywele mingi. Daktari alisema kama angefika mapema saa moja, angepona. Kisha aliona uso yangu, akaenda kunawa mikono.

Bakubwa balikuja kuuliza. Mutu wa foni alikuwa amekwisha kuandika karatasi: jamaa ilimutoa mugonjwa bila ruhusa, ikapita njia isiyojulikana. Akaniita ndani, akanipa kiti, akanimiminia chai ya termos yake.

"Bashikulu," anasema. Ba! Ile Ba ilipatikana. "Weka kidole hapa, wewe njo mukubwa wa jamaa."

"Na kama nasema njia inajulikana?"

Alikoroga chai. "Basi bataitafuta. Na bataona nani anaipita."

Munaelewa? Ilunga angefungwa. Mutu mwenye alibeba kinga pa bega mu maji angefungwa, na kinga yake ingechukuliwa, na mwenye alifunika mikro angekunywa chai. Nilitazama wino. Niliweka kidole. Sijui kama nilimuwekea Ilunga ao niliwekea vile vichwa vya samaki. Labda vyote viwili.

Ile karatasi, muuguzi mumoja alimusomea Ngoie pa kitanda. "Jamaa ilimutoa mugonjwa bila ruhusa." Yeye njo alikuwa amepanda ile kinga, hakuna mutu alimulazimisha. Kutoka siku ile alishika kama yeye aliua mutoto wake na matako yake mwenyewe. Niliacha geti, nikahamia kwao Kabuta, nikamuambia kweli yote, dirisha ya mbele na dirisha ya nyuma. Alinisikiliza vizuri, akanipa chakula, akasema: "Unasema vile juu wewe ni baba yangu." Mutoto wangu alimuambia, hakusadiki. Ilunga alimuambia, akasema Ilunga anamuonea huruma. Hata alipozaa tena, musichana, mwenye afya, alikuwa anaamuka kumugusa pua kama anapumua. Kinga hakupanda tena. Alikuwa anaenda sokoni na miguu, mzigo kichwani, siku nzima.

Ilipita mvua tatu. Siku moja mwezi wa kufungwa, saa tisa, jua kali, mvua imekwisha kupita, gari ya abiria ikasimama pa barabara, mutu akashuka, anauliza nyumba yangu. Bila koti sikumujua. Alikuwa mudogo! Kumbe ile yote ilikuwa kitambaa. Walikwisha kumupumzisha kazini. Mukononi mwavuli nyeusi.

"Odi, mukwai," anasema, na heshima ya Kibemba.

Ngoie alikuwa anaanika mihogo pa mukeka, mugongo kwake. Hakugeuka. "Ngoja kidogo," anasema.

Eh! Ngoie hakumujua Mugiriki, hakumujua kasuku. Ilimutoka tu.

Akangoja. Hakuna mutu alimupa kiti. Kwetu hata mutu wa kodi anapewa kiti. Ilunga alikuwa kando ya njia ya mbele anatengeneza cheni ya kinga yake, majirani wakaanza kusogea mumoja mumoja, kama banatafuta kuku.

"Bashikulu," ananiambia, "nimezeeka."

"Kila mutu."

"Silali. Kila nikifunga macho nasikia Mwansa: sioni kinga, sioni kinga." Ile sauti ilikuwa ingali nzuri. "Nimekuja kulia na ninyi."

Nilikuwa nimengoja hii miaka mitatu, na jibu nilikuwa nayo, yeye mwenyewe njo alinifundisha. "Sema kwanza jina ya mahali," nikamuambia, "kisha ulie."

Ilunga aliachilia cheni. Ngoie aliweka chini muhogo yenye alishika, akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza anamutazama.

"Mahali gani, tata?"

"Kuna njia," nikasema. "Huyu mutu anaijua ao haijui. Aitaje mbele yako. Ni maneno matatu, hata mutoto anaweza."

Ngoie alifuta mikono pa kitenge, akamukaribia. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningefurahi. Alimuuliza kama mutu anauliza bei ya dawa. "Ba mukubwa, kweli ulijua kwenye nilikuwa?"

Mudomo yake ilifunguka. Niliona neno pale, juu ya ulimi, kama samaki inaonekana chini ya maji. Kisha akanyoosha shingo. "Mama," akasema, "ile siku gari ilitumwa kufuata utaratibu. Mimi huku kwenu hakuna njia yenye najua."

Ngoie akatikisa kichwa kidogo, pole pole, kama mutu mwenye alijua jibu mbele ya kuuliza, na akainama tena kwa mihogo yake.

Mutu wa foni akatazama njia ya barabara. Kufika pale ilipasa apite katikati ya Ilunga na majirani wote. Akafungua mwavuli, na mvua haikuwepo, akapita kando ya jikoni, akaenda nyuma ya nyumba. Hakuaga.

Sisi tulimufuata na macho. Alifika pa kichuguu. Bageni wote banasimama pale, banakuna kichwa, kisha banafuata ile ya kushoto juu ni pana, mpaka bajikute makaburini. Yeye hakusimama. Hakugeuza hata kichwa. Alifunga mwavuli mbele ya kufika pa ule muti wenye tawi inashuka, tawi yenye hauioni mpaka ikupige uso, akainama, akapita chini yake, akaufungua tena ng'ambo, na akaingia ya katikati.

Ngoie alikuwa amesimama, mukono pa macho juu ya jua.

"Anaijua," akasema.

Mwavuli ilionekana juu ya majani ya mihogo, nyeusi, inaenda mbio kidogo, kisha haikuonekana. Hakurudi tena.